GMAT: hesabu naziweza, lugha inaniangusha. Naomba ushauri

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mhasibu, najiandaa na GMAT, ule mtihani wa kujiunga na vyuo vya biashara, niombe MBA (shahada ya uzamili ya biashara) nje. Kwenye majaribio ya nyumbani hesabu napata 82, ila sehemu ya lugha nimeganda kwenye 74. Maswali 23 kwa dakika 45, yaani hata dakika mbili kwa swali hazifiki. Kusahihisha sentensi walishaondoa, na ndiko nilikokuwa nategemea! Ufahamu najikongoja. Kinachoniua ni yale ya kupima hoja: nabaki na majibu mawili, nachagua lisilo lenyewe, karibu kila mara. Daftari la makosa nimeanza juzi. Mliovuka 80 mlifanyaje? Nisome swali kwanza au kifungu? Zimebaki wiki sita, na ada yake si ya kurudia-rudia.