Walituuzia Roma, meli ikawashusha wazazi wetu Civitavecchia

Bandugu wa Lubumbashi, yeyote anayetaka kuwapeleka wazazi safari ya meli huko Ulaya asome hapa kabla ya kutoa dola yake. Nina hasira, kwa hiyo mnivumilie.

Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, wa Liège huko Ubelgiji aliwalipia papa na mama safari ya meli kwenye Mediterania, kupandia Barcelona, zawadi ya miaka yao ya ndoa. Yeye mwenyewe hakupata likizo, wazee wakaenda peke yao. Mimi nikabaki na kazi ya kutafuta huku watu wa kuwapangia siku za kushuka nchi kavu. Biro ya safari niliyoiendea iko katikati ya mji. Jina siliweki, wenyewe watajijua. Wakatoa karatasi ya rangi, picha nzuri, imeandikwa kwa herufi kubwa: ROMA, MUDA WA SAA KUMI NA MBILI. Koloseo, chemchemi ya Trevi, makumbusho ya Vatikano, basilika ya Mtakatifu Petro. Vyote siku moja, na papa anatembea na fimbo.

Bandugu, meli haifiki Roma. Roma haina bandari ya meli kubwa za aina hiyo. Meli inatia nanga Civitavecchia, kama kilomita 80 kutoka Roma. Ni kama mtu akuuzie Lubumbashi halafu akushushe Kasumbalesa, akuambie haya, mji ule pale. Kwenye karatasi yao jina Civitavecchia halimo hata mara moja. Mama alinipigia simu kutoka gatini akiuliza kanisa liko upande gani.

Na hizo saa kumi na mbili? Meli ilifika saa moja asubuhi na kuondoka saa moja jioni, sawa. Lakini abiria hawaruhusiwi kushuka dakika ileile kamba inapofungwa, na jioni kila mtu lazima awe ndani mapema kabla ya meli kung'oa nanga. Toa hapo. Kisha kuna basi la kukutoa bandarini, kuna kufika kituo cha treni, kuna kungoja, kuna treni yenyewe ya saa moja au zaidi. Toa hapo pia. Kurudi, toa vilevile, tena uongeze muda wa akiba, kwa sababu treni ikichelewa meli haikungoji. Wanaongojwa ni wale walionunua matembezi ya meli yenyewe. Ukijipangia mwenyewe ukachelewa, unaifuata meli mpaka bandari inayofuata kwa pesa yako. Hilo nalo halikuandikwa. Wazee wawili wenye pasipoti ya Kongo wangebaki gatini Italia usiku, mizigo na dawa za presha ziko melini, na hawa mabwana wamelala huku mtaani Golf!

Ngojeni, bado sijafika penye kuniuma.

Karatasi iliwaambia washukie Termini. Termini ni kituo kikuu, ndiyo, lakini treni nyingi zinazotoka Civitavecchia husimama kwanza Roma San Pietro, na kutoka pale unatembea kidogo tu unaliona kuba la basilika. Wazee walipita kituo hicho. Mama aliliona jina dirishani, akamwuliza papa, papa akatazama karatasi: hapana, tumeambiwa Termini. Wakashuka upande wa pili wa mji, wakaenda kupanga mstari wa Koloseo kwenye jua bila tiketi ya kuagiza mapema. Papa akaishia kukaa chini kwenye ukingo wa barabara.

Na siku hiyo ilikuwa Jumatano. Wakatoliki wenzangu, mnajua Jumatano asubuhi Roma kuna nini? Baba Mtakatifu anakutana na waumini palepale uwanjani mbele ya basilika. Tiketi ni ya bure, unaiomba mapema. Mama yangu yuko Lejio ya Maria, chama cha sala cha Wakatoliki, tangu sijazaliwa. Meli ilimfikisha siku hiyohiyo, asubuhi hiyohiyo, na waliolipwa kumpangia hawakutazama hata kalenda. Pesa ile haikuwa ya meli wala ya treni, ilikuwa ya kufikiri tu. Walipofika Mtakatifu Petro saa zilikuwa zimekwisha, mstari wa ukaguzi umezunguka uwanja. Mama alisali rozari amesimama nje, na liputa yake, kitenge alichokishonesha makusudi ili aingie kanisani amejisitiri, kisha wakakimbilia treni.

Sisemi mtu asishuke. Napoli meli inafunga karibu kabisa na katikati ya mji, mzee anaweza kutembea, akala, akarudi bila presha. Kwa Athens bandari ni Piraeus, na metro ipo. Lakini ukiona "Florence" jua ni Livorno, kilomita kama 90. Kwa Civitavecchia na wazazi wazee ningeweka kitu kimoja tu: San Pietro, basilika, chakula, treni ya kurudi mchana. Na viza muiangalie: meli ikigusa Tunisia au Uturuki katikati ya safari, ile ya kuingia mara moja itawaletea matatizo.

Nilirudi kwenye ile biro. Mwenye meza akaniambia, bila hata kusimama: "Lakini mama alifika Roma, si picha uko nazo?" Nikaacha barua ya kudai pesa, wakaipiga muhuri, kimya mpaka leo. Na jana nimeona wamebandika tangazo jipya mlangoni: PARIS KWA MELI. Hiyo meli itasimama Le Havre, karibu kilomita 200 kutoka Paris. Atakayepita pale awaulize jina la bandari mbele ya wateja, halafu aniandikie hapa walijibu nini.