Mjadala: Familia zinazolala barazani Mombasa zijengewe makao au zilipiwe kodi?

Mkaazi wa Tudor
Sensa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchi nzima, na Mombasa ilikuwa ya pili baada ya Nairobi. Anayepita Barabara ya Digo alfajiri ataona kwamba barazani hawalali vijana peke yao. Ziko familia nzima, mama na wanawe wamejifunika leso moja. Ninalouliza ni hili: pesa za umma zijenge makao makubwa ya kuwapokea, au ziwalipie kodi ya chumba, na maafisa wa ustawi wawafuatilie huko huko? Mimi naelekea upande wa makao, kwa sababu kijana aliyekwisha kuzoea kunusa gundi hawezi kukabidhiwa ufunguo. Niongeze tu kwamba wengi wao si wa hapa. Basi la usiku huwateremsha Mwembe Tayari, nasi wenyeji tukabaki nao.

Binti wa Likoni
Ndugu yangu, uliandika vizuri mpaka ukafika sentensi ya mwisho. Kifungu cha 39 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kuishi popote nchini, kwa hiyo mtoto aliyetoka Kitui ana haki ya kuishi Mombasa sawa na wa Kisauni. Tena nani aliyekwambia ni wa bara? Yule kijana anayeongoza magari nje ya Marikiti ni mzaliwa wa Majengo, na bibi yake tulimzika sisi.

Mwenye Duka
Naomba niseme ninayoyaona kwa macho. Barazani kwangu hulala mama mwenye watoto. Kabla sijafungua huwa amekwisha kunja maboksi yake, akayafunga kwa kipande cha kamba na kuyasukuma nyuma ya tangi la maji. Kisha hufagia baraza bila ya kuambiwa, na mtoto mkubwa huvaa sare ya shule pale pale, mgongo ameuelekeza barabarani. Alikuwa na chumba Changamwe. Kodi ilipolimbikizwa mwenye nyumba hakwenda mahakamani. Aling'oa mlango akaondoka nao, na chumba kisicho na mlango hakilaliki ukiwa na mtoto wa kike. Mama huyu hahitaji makao wala mshauri. Anahitaji mlango. Vijana wa gundi ni habari nyingine, na kufuli zangu walizozivunja ni ushahidi.

Afisa Mstaafu
Wanangu, haya hayakuanza jana. Padri Arnold Grol alianzisha shirika la Undugu jijini Nairobi mwaka 1973 kwa ajili ya vijana wa mitaani waliokuwa wakiongoza magari ya kuegesha. Mwaka 2003 serikali ya Kibaki ikawapeleka vijana wengi wa mitaani katika Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS). Wapo waliotoka na ufundi, na wapo waliorudi mjini kwa sababu mafunzo yalipokwisha hapakuwa na mtu wa kuwapokea. Mwaka 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto, na mkakati wa mwaka 2022 hadi 2032 unataka watoto watoke katika makao na kulelewa katika familia. Anayependekeza makao makubwa leo atueleze kwanza atayasajili vipi.

Mkaazi wa Tudor
Mzee wangu, heshima yako iko pale pale. Lakini dada wa Likoni amenisingizia kwamba nataka watu wafukuzwe. Nilisema wanatoka wapi. Sikusema waende wapi. Kila anayetaja jambo hili hubandikwa ukabila, ndiyo maana halizungumzwi.

Kuli wa Zamani
Basi tulizungumze. Mwaka 2019 tuliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu mizigo ya bandari ilipolazimishwa kupanda reli ya SGR badala ya malori. Madereva, makuli, mafundi wa malori na mama ntilie waliokuwa wakiwapikia walikosa riziki kwa pamoja, na kodi za vyumba vya Changamwe zilitokana na riziki ile. Unapomtafuta mgeni aliyeteremka Mwembe Tayari, ujue kwamba huenda unamruka jirani yako.

Msomaji wa Sheria
Wako pia wanaotaka malori yaje kuwazoa. Sheria ya uzururaji ilifutwa hapa Kenya mwaka 1997, na Desemba 2020 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilitoa maoni kwamba sheria za aina hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu.

Mzee wa Kibokoni
Sheria nimezisikia. Mimi naona tatizo tunalilea wenyewe kila Ijumaa. Mtoto anayepata sarafu nyingi mlangoni mwa msikiti kuliko kibarua bandarini atarudi nyumbani kwa lipi?

Binti wa Likoni
Babu, sadaka ndiyo iliyobakia na wewe unataka tuikate? Hiyo Inua Jamii, ruzuku ya serikali ya shilingi 2,000 kwa mwezi, ni ya mayatima na watoto walio hatarini, wazee wa miaka 70 na zaidi, na wenye ulemavu mkubwa. Mama aliyekimbiwa na mume, mwenye nguvu zake na watoto wake, mara nyingi hayumo katika daftari lolote, ila hilo la Ijumaa.

Mzee wa Kibokoni
Sikusema muikate, mjukuu wangu. Nasema sadaka zikusanywe mahali pamoja, kamati ya msikiti imlipe mwenye nyumba mkononi. Na watoto wasio na mtu, Sheria ya Watoto ya 2022 imeitambua kafala, yaani kumlea mtoto wa mwingine kwa mujibu wa Uislamu, jambo ambalo sisi tulikuwa tukilifanya bila kuandikiwa. Mbona wenye nyumba kubwa hapa mjini hawajitokezi?

Mkaazi wa Tudor
Kafala ya mtoto mdogo naielewa. Nani kati yenu atamchukua kijana wa miaka 16 mwenye chupa ya gundi mkononi? Hapo ndipo mimi nilipoanza, na hamjanijibu hata mmoja.

Afisa Mstaafu
Huyo anahitaji tiba na mtu mmoja asiyebadilika kila muhula wa ufadhili unapokwisha. Bweni la vitanda mia halitamtibu, na chumba peke yake hakitamtibu pia.

Kuli wa Zamani
Mwenye Duka, huyo mwenye nyumba anadai ngapi? Mlango bado anao?

Mwenye Duka
Anao, ameuegemeza uani kwake. Anadai kodi ya miezi mitatu, na gharama ya fundi wa kuurudisha.

Mzee wa Kibokoni
Gharama ya fundi? Aliyeung'oa ni nani?

Mkaazi wa Tudor
Mwenye nyumba naye ana watoto wa kuwalisha. Au huyo hahesabiwi?

Binti wa Likoni
Sasa umehamia kwa mwenye nyumba.