Naomba ushauri: msingi wa shule ya zamani kwenye bustani ya mtaa

Ndugu zangu, habari za jioni. Naomba mwenye uzoefu anisaidie.

Mtaani kwetu, upande wa Ilala, kuna kiwanja kidogo palipokuwa na shule ya zamani. Jengo lilishabomolewa. Kimebaki msingi wa mawe ya matumbawe na chokaa, ngazi tatu za mlangoni, na mwarobaini. Mzee mmoja aliyesoma pale huja kukaa kwenye ngazi zile kila jioni. Kamati ya mtaa imekubali pawe bustani.

Shida ni ule msingi. Fundi wa kwanza alitaka kuung'oa apange vitofali vya pevingi. Wa pili akashauri tuupige plasta ya saruji. Nilikataa, maana saruji haipumui kama chokaa; hufungia unyevu na chumvi ndani, na jiwe linaanza kumomonyoka. Masika inakuja, sitaki kubahatisha.

Barua ya kuomba pabaki eneo la wazi nimeshaifikisha kwa mtendaji. Lakini Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863 tu. Ya baadaye, kama shule yetu, mpaka Waziri atangaze.

Je, kuna anayemfahamu fundi wa hapa Dar anayejua kweli kazi ya chokaa? Na aliyewahi kuomba tangazo hilo, mlianzia halmashauri au mlikwenda moja kwa moja kwa watu wa Mambo ya Kale, Wizara ya Maliasili na Utalii?

Natanguliza shukrani.