Baridi ya Kabale: tuchome na miti tunayoidharau?

Ndugu zangu, hapa Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Jioni bila moto unalala na koti. Kila mtu anataka mkalitusi au muwati, na bei haishuki. Mparachichi uliozeeka, mgrevilea, ile alinasi ya kwenye matuta: yote inaachwa ioze eti "si kuni".

Mimi nasema ni kuni. Mti ukikauka sawasawa, joto lake kwa kilo halipishani sana na la mwingine. Tofauti ni uzito: alinasi ni nyepesi, gogo linaisha upesi, unaongeza la pili. Adui ni ubichi, maana moto unaanza kuchemsha maji yaliyo ndani ya kuni kabla haujakupasha wewe. Mwaka jana nilipasua mparachichi, nikaupanga barazani upepo upite, sikuugusa miezi sita. Mke wangu aliyenicheka sasa anauficha wageni wasiumalize.

Muuza kuni, Kabale: Mzee, wewe una shamba na baraza. Mimi nauza kwa mzigo, si kwa kilo. Nikimpa mteja mzigo wa alinasi kwa bei ya mkalitusi, kesho yake anarudi kunitukana, na ana haki. Na hiyo miezi sita ya kukausha, watoto wangu watakula nini?

Wa Masindi: Huku tuna sena, mti wa maua ya manjano wenye asili ya Amerika, umeuvamia msitu wa Budongo. Watu wanasema tuufanye kuni uishe. Ukiukata, kisiki kinachipua upya! Na mtu akishaupatia soko, ataung'oa kweli? Ataulinda kama ng'ombe wa maziwa.

Mama wa watoto wanne: Mnabishana miti, anayekaa kwenye moshi ni nani? Mgrevilea sawa, nautumia. Mnyaa msiniletee kabisa, utomvu wake ukiingia jichoni utalia mpaka asubuhi. Na mkiingiza sigiri ya makaa chumbani, acheni dirisha wazi. Ile hewa ya sumu haina harufu.

Mwanzisha mada: Muuza kuni amenibana, nakubali. Mti mwepesi na mti mzito haiwezi kuuzwa kwa bei moja ya mzigo. Basi tupime kwa kilo, kuni zikiwa kavu, la sivyo tutanunua maji. Nani sokoni atakubali kuweka mizani?