Laki mbili, watoto wawili, Jumamosi mchana mpaka Jumapili jioni: twende wapi kutoka Dar?

Mama Wawili:
Habari za jioni wakuu. Naishi Mbagala na mume wangu na watoto wetu, wa miaka 9 na 5. Baba yao anatoka kazini Jumamosi saa sita mchana, na Jumatatu alfajiri lazima awe kazini. Tangu huyu mdogo azaliwe hatujalala nje ya nyumba yetu ila kwenye misiba. Nimedunduliza laki mbili: nauli, kulala na kula, vyote humo. Zanzibar nimeipigia hesabu, boti peke yake inaimaliza. Natamani watoto waone kitu watakachokikumbuka. Naombeni ushauri.

Kiboko wa Ruvu:
Dada, wapeleke Morogoro kwa SGR. Treni ya kawaida ni 13,000 mtu mzima, na watoto wa miaka 4 hadi 12 wanalipa nusu. Ninyi wanne kwenda na kurudi ni 78,000. Safari haimalizi masaa mawili, mko stesheni ya Kihonda, Morogoro, na wakiamka Jumapili Milima ya Uluguru iko mbele yao. Kateni tiketi mapema, mwisho wa wiki zinaisha. Msisahau masweta.

Mtu wa Pwani:
Treni nzuri, sikatai. Ila 78,000 kwenye laki mbili, na bado hamjala wala kulala! Bagamoyo ni kama kilomita 70 tu. Baba akitoka saa sita, mkutane stendi ya Makumbusho, na jua halijazama mko ufukweni.

Jumapili waamsheni mapema muende Kaole. Kuna magofu ya misikiti tangu karne ya 13, na makaburi yenye nguzo ndefu zilizokuwa zimepachikwa bakuli za Kichina. Msiingie wenyewe tu, mchukueni mwongozaji, maana bila maelezo mtoto ataona mawe. Ukiwa raia kiingilio ni nafuu kuliko cha wageni. Mkirudi mjini piteni Misheni ya Kikatoliki, iliyoanzishwa 1868. Hapo ndipo mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kizungu, ulilazwa mwaka 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka huko Zambia ya leo. Huyo wa miaka 9 mwambieni habari za wabebaji. Mimi nilisoma shule miaka yote nikijua jina la aliyebebwa tu, na hilo linaniuma mpaka leo.

Bint Saidi:
Naungana na Bagamoyo. Ila bahari ya kule hukupwa mbali sana, kwa hiyo ulizeni wavuvi maji yanajaa saa ngapi kabla hamjawaahidi watoto kuogelea. Na chumba usikilipie kwa simu. Mwaka jana nilituma hela, nikafika usiku na mtoto mgongoni, chumba ameshapewa mwingine. Fika kwanza, fungulia bomba, tazama chandarua, ndipo ulipe.

Mama Wawili:
Asanteni sana. Mkubwa analilia treni, lakini hesabu inanipeleka Bagamoyo. Chakula cha jioni tule wapi bila kuumia?

Mtu wa Pwani:
Nendeni soko la samaki, pale wanapokaanga. Chagueni samaki wenu, kubalianeni bei kabla hajaingia kwenye mafuta.

Mama Wawili:
MREJESHO. Tumerudi jana salama. Chumba tumepata kwa 40,000, wote wanne, maji yanatoka. Samaki tumekula mpaka mdogo akasinzia na mfupa mkononi. Kaole kuna mbuyu, wenyeji wanasema ukiuzunguka unaongeza umri. Wanangu wameuzunguka mpaka mwongozaji akakaa chini kuwasubiri. Misheni mkubwa aliuliza wale watu walilipwa shilingi ngapi kwa kubeba maiti mbali vile, na baba yake hakuwa na jibu. Njiani kurudi hakulala, alikuwa akimsimulia mdogo wake habari za Chuma na Susi.

Nimebakiwa na 31,000. Kiboko wa Ruvu, hiyo nimeianzishia kibubu cha treni. Tukijaliwa, Desemba tuko Morogoro.