Viongozi wa wanafunzi Tabora na Kigoma: mwenzako akizidiwa moyoni unafanyaje? Tupeane uzoefu

Mwembeni (Tabora)
Wakuu, mwangaluka. Ni kiongozi wa bweni kwenye chuo kimoja hapa mjini. Matokeo yanakaribia kubandikwa, na kila yakitoka hodi za usiku zinaanza: mwenye supu (mtihani wa kurudia), aliyedisko (kafeli akaondolewa chuoni), ambaye bumu (pesa ya mkopo wa chuo) halijaingia na kwao Urambo tumbaku haijalipwa. Aliyewahi kukaa na mwenzake aliyezidiwa aseme alifanya nini hasa. Naanza mimi.

Kijana wa mwaka wa pili alianza kugawa vitu. Ndoo kampa huyu, madaftari kayaacha kitandani kwa CR, mwakilishi wa darasa, pasi kampa wa chumba cha pili. Wenzake walidhani anahamia mtaani. Pasi ndiyo iliyonishtua, kwa sababu yule hakuwahi kuingia darasani na shati lenye kunjo, na mtu wa hivyo hagawi pasi katikati ya muhula. Tukaenda nyuma ya bwalo, nikamuuliza waziwazi: "Mdogo wangu, unawaza kujiua?" Akakaa kimya muda mrefu, halafu akasema ndiyo.

Wengi tunaogopa swali hilo tukidhani litamtia mtu wazo. Halimtii. Wataalamu wa afya ya akili wanahimiza liulizwe, na yule kijana alipolijibu alishusha pumzi nikaiona. Usiku ule hatukumwacha peke yake. Asubuhi tulipanda bajaji na mlezi wa wanafunzi hadi hospitali ya mkoa, Kitete.

Binti Kibirizi (Kigoma)
Asante kaka. Langu ni la siri. Dada mmoja alitaka niape kwanza kwamba sitamwambia mtu, ndipo aseme. Sikuapa. Nilimwambia: "Nitakutunzia, ila nikiona uhai wako uko hatarini nitamwambia mtu mmoja, na huyo mtu utamchagua wewe." Akalia, akafikiri, akamtaja mama yake mdogo wa Ujiji.

Alikuwa mjamzito, mchumba amemkana, na baba yake Kasulu ndiye anayelipa ada. Tulipanda daladala siku hiyohiyo. Mama mdogo alikuwa anaanika dagaa. Alipomwona mtoto tu akaacha kila kitu, akamkumbatia na mikono yake ileile yenye shombo, hakuuliza swali hata moja. Hospitali ya Maweni walikwenda pamoja wiki hiyo. Ningekuwa nimeapa, ningebaki na mzigo wa uhai wa mtu mwingine nikiwa na miaka ishirini na kidogo.

Abuu T.
Nyongeza fupi. Mimi ni Muislamu, naswali, na nawaombea wenzangu. Lakini "punguza mawazo" na "wapo wenye shida kuliko wewe" nimeona zikimfunga mtu mdomo palepale. Msikilize amalize. Dua itafuata, na ataitikia kwa moyo.

Mkuu wa Chumba
Hapo kwa mlezi napingana nanyi. Nimeona uongozi ukimpa mwanafunzi barua ya kurudi nyumbani "akapumzike", akarudi kwenye nyumba ileile iliyomvuruga. Sisi wenyewe tungemtuliza.

Binti Kibirizi
Ndugu, hilo la barua linaniuma na mimi. Ila kumtuliza mtu usiku mmoja si kumtibu. Nenda naye kwa mlezi, kaa pale ofisini, sema mbele yake anachohitaji. Kiongozi ana sauti, aitumie hapo.

Mgeni wa Nguruka
Samahani, polisi je? Mwenzangu anaogopa kwenda hospitali, anasema atashitakiwa.

Muuguzi wa Zamu
Mdogo wangu, hofu yake ina msingi, kwani Kanuni ya Adhabu kifungu cha 217 inataja jaribio la kujiua kuwa kosa. Ila kuwa na mawazo hayo si kosa, na anayekuja kuyasema mapema anakuja kutibiwa. Mwambie hivyo, kisha msindikize. Usimwelekeze njia tu ukamwacha.

Kuna mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia, umejengwa juu ya mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Mwenzetu wa pasi alitazama, dada wa Kibirizi aliunganisha. Hakuna panaposema kiongozi atoe ushauri wa maisha. Na akiwa tayari ana kitu cha kujidhuru mkononi au amekwisha jidhuru, hiyo ni dharura: hospitali mara moja, vikao baadaye. Nanyi viongozi mlale. Pangeni zamu ya simu ya usiku, asibebe mmoja.

Mwembeni
Nashukuru sana, dada. Zamu tunaipanga leo. Kinachonisumbua ni waliopanga mtaani, Isevya na Ng'ambo. Wale hawana bweni wala jirani wa kitanda. Nawafikiaje?

Abuu T.
Sisi kila aliyepanga tulimwomba namba ya mtu anayeishi naye uani, mwenye nyumba au mpangaji mwenzake. Asipoonekana darasani siku mbili, CR anapiga. Asipopata jibu, tunakwenda wawili wawili kugonga mlango. Anzeni kukusanya namba kabla matokeo hayajabandikwa.