Ticha wa sanaa kanipa 74 kwa batiki iliyoharibika na 58 kwa kazi safi, nielewesheni

BintiBrashi
Habari zenu wakuu. Niko kidato cha tatu hapa Dar, nasoma sanaa (ile ya kuchora sio ya kuigiza), darasani tuko kumi na moja tu maana wengine wazazi waliwaambia kuchora hakulipi. Mwaka huu tumefanya kazi tatu: tingatinga (ile michoro ya wanyama ya rangi za kung'aa), batiki (unachora kwa nta kwenye kitambaa halafu unakitia rangi), na kinyago cha magazeti na uji wa ngano, hicho tukiache panya walikimaliza stoo. Sasa ticha anataka kila mtu aandike kurasa mbili za tafakari kuhusu kazi zake na mimi wiki nzima nimekwama.

Iko hivi. Tingatinga yangu ilitoka safi, twiga wawili na mlima nyuma, madoa nimeyapiga moja moja kwa njiti ya kiberiti mpaka shingo ikauma, kila aliyepita alisema hii unauza. 58. Kwenye batiki nilimchora bibi yangu, nta ikapasuka, rangi ya bluu ikapenya mpaka usoni, yani bibi anaonekana kama ana mizizi mashavuni, nilitaka kuitupa kabisa. 74! Nikamuuliza ticha kwanini, akaniangalia akasema "kwani hao twiga ni wa nani?" akaenda zake. Wakuu, ndo nini hiki? Na kwenye tafakari nijisifu au nijiponde?

Fundi_Rangi
Dogo pole ila ticha wako kakuuliza swali zito. Mimi naishi kwa brashi, twiga wawili na mlima nyuma nachora huku napiga stori na mtalii, hawana mwenyewe hao twiga. Mzee Edward Saidi Tingatinga alipoanza 1968 pale Oysterbay alichukua hardibodi na rangi za kupakia baiskeli kwa sababu ndo alivyovimudu. Na alichora miaka minne hivi tu, 1972 polisi wakampiga risasi wakidhani ni mtu mwingine. Kwahiyo ile rangi kung'aa vile haikuwa swaga, ni hali ya mfukoni. Wewe njiti ya kiberiti uliitumia kwa nini, uliambiwa au brashi ndogo hamkuwa nayo? Kama hamkuwa nayo anzia hapo.

Kaka_wa_Tandika
@Fundi_Rangi usimvunje moyo mtoto mkuu. Wote tumeanza kwa kuiga, hata hao vijana wa kwanza wa Tingatinga walikuwa ndugu na jamaa zake, wamekaa pembeni yake wakiangalia mkono unavyokwenda, leo mtindo una jina mpaka Japani. Mwanafunzi akiiga vizuri apewe maksi zake. 58 ni uonevu.

Fundi_Rangi
Sijakataa kuiga, nimekaa miezi mimi napaka mandhari ya nyuma tu za watu wengine. Ila huwezi kuandika kurasa mbili kuhusu kitu ambacho hukuamua chochote ndani yake. Ndo kilichomkwamisha.

MamaBatiki
Mwanangu mimi hiyo nta ndo imenishika. Mliyeyusha mishumaa peke yake eeh? Mshumaa ukipoa unakuwa mkavu, ukiukunja kitambaa unakatika kama ukoko wa wali, ndo maana tunachanganya na nta ya nyuki kidogo ili ilainike. Na kitambaa mlikifua kwanza kutoa ile wanga ya dukani? Na mliingiza kwenye rangi kikiwa kimetandazwa au umekisokota?

Halafu hiyo mipasuko unayoililia sisi tunaitengeneza makusudi, unakikunjakunja kitambaa mkononi kabla ya rangi ya mwisho, wateja wanapenda. Tofauti ni kwamba wewe ilikutokea usoni kwa bibi. Mvae glovu pia, ile kostiki ya kwenye rangi inakula ngozi.

BintiBrashi
Shikamoo mama. Ndio, mishumaa tupu, ile mieupe ya pakti. Kitambaa hatukufua. Na beseni tulikuwa nalo moja watu kumi na moja, tena dogo la kuoshea vyombo, nikakisukumiza tu bibi akaingia kichwa chini. Nilivyokuja kukipiga pasi juu ya gazeti nta ikitoka ndo nikaiona ile mistari, nikalia, alafu rafiki yangu akasema mbona anafanana na bibi yako kweli, maana bibi ana makunyanzi hivyohivyo na mimi kwenye penseli nilimchora uso laini kama msichana 😅

@Fundi_Rangi brashi ndogo ilikuwepo, imeota manyoya kama fagio.

MamaBatiki
Marahaba. Sasa hayo uliyoniandikia hapa si ndo kurasa mbili zenyewe, unatafuta nini tena.

BintiBrashi
Nimeanza jana usiku, sentensi ya kwanza nimeandika "Beseni lilikuwa dogo." Nimefika ukurasa mmoja na nusu na twiga sijawagusa bado, sijui niseme nini kuhusu wao zaidi ya ile njiti.

Kaka_wa_Tandika
Hao wa 58 unawauza bei gani? Nina ukuta mtupu sebuleni.

BintiBrashi
Elfu kumi na tano. Bibi hauzwi.